Miombo Myekundu na Moshi wa Kiangazi: Shajara ya Picha za Milima ya Kigoma

Agosti, wiki ya mwisho

Mradi huu una kazi moja: kupiga picha za milima inayopanda kutoka Ziwa Tanganyika, kuanzia vilima vya kaskazini mwa mji wa Kigoma hadi Hifadhi ya Taifa ya Gombe, katika yale majuma ambayo miombo, miti ya misitu ya nchi kavu, hutoa majani mapya kabla mvua haijaanza. Nikijaliwa nitafika pia Hifadhi ya Taifa ya Mahale, kusini zaidi. Kila picha itapigwa kutoka kituo kinachojulikana, kwa lenzi ileile na saa ileile, ili mwakani na miaka ya mbele mtu aweke picha mbili pamoja aone mlima umepata nini na umepoteza nini.

Milima hii inafaa sana kwa kazi ya namna hiyo. Uso wa ziwa uko kama meta 773 juu ya usawa wa bahari, na migongo ya juu ya Gombe inapita meta 1,500, tena ndani ya mwendo mfupi tu kutoka ufukweni. Ukikaa kwenye boti mbali kidogo na nchi kavu, mlima mzima unaingia kwenye fremu moja: mchanga, kijito, msitu wa bondeni, miombo ya mteremkoni, nyasi za mgongoni.

Wapiga picha wa Ulaya na Marekani wanaufahamu mwezi wa Septemba kwa rangi. Kwao siku zinafupika, baridi inaanza kushuka milimani, mti unaacha kutengeneza ukijani, manjano iliyokuwa imefunikwa ndani ya jani inajitokeza, na baadhi ya miti huongeza wekundu katika siku za mwisho za jani. Halafu jani linaanguka. Na sisi tuna wekundu mwezi huohuo, ila wa kwetu ni wa jani lililochomoza juzi. Mtundu, muyombo na jamaa zake hutoa majani machanga ya rangi ya shaba, mengine ya damu ya mzee, wakati ardhi imekauka na mvua haijagusa udongo kwa miezi. Maji ambayo miti hii hutumia ni akiba iliyo kwenye shina na ile inayovutwa na mizizi kutoka chini sana. Wekundu wenyewe ni rangi iitwayo anthosianini, nayo hulikinga jani changa dhidi ya jua kali mpaka ukijani wake ukomae. Baada ya majuma machache mlima wote unageuka kijani, na asiyekuwapo hataamini kwamba ulikuwa mwekundu.

Rangi hiyo ndiyo iliyonivuta. Lakini wakulima wengi huku wakiiona wanajua ni wakati wa kuandaa mashamba, na kuandaa mashamba kwa wengi ni kufyeka na kuchoma. Majani mapya na moto vinakuja pamoja. Nimekaa na jambo hili kwa muda, na nimeamua kwamba picha nitakazozitoa lazima zibebe vyote viwili. Nikitoa wekundu peke yake nitakuwa nimeusingizia mlima amani ambayo hauna.

Vifaa: kamera, lenzi pana na lenzi ya kuvuta mbali, stendi ya miguu mitatu, kichujio cha kupunguza mng'ao, kadi ya kijivu ya kusawazisha rangi, dira, futi kamba, daftari. Simu kwa ajili ya GPS.

Septemba, mwanzoni

Kazi ya kuchagua vituo imechukua muda, na inastahili. Sharti la kwanza nililojiwekea ni kutofungua njia mpya. Kituo kiwe kwenye njia ya watu au ya ng'ombe, kwenye mwamba, au kwenye mpaka wa shamba ambako mwenye shamba ameridhia. Miteremko hii ina udongo mwepesi juu ya mawe. Njia moja ya mguu inayoshuka wima inatosha kuwa mfereji mvua ikija, na mfereji ukishakuwepo kila mvua inauongeza. Mpiga picha anayeshuka mita chache tu ili mti usimzibe, akarudi hapohapo mara kwa mara, ndiye aliyeanzisha korongo.

Sharti la pili: kituo kipatikane tena na mtu ambaye si mimi. Kwa hiyo kila kimoja nimekiandikia maelezo ya maneno, si nambari za GPS tu, maana simu inaweza kukosea kwa mita kadhaa na mita kadhaa zinabadilisha kabisa kilicho mbele ya picha. Ninaandika mwamba upi, mguu wa stendi umekaa wapi, kamera iko urefu gani kutoka chini, dira inasoma nyuzi ngapi, na kitu gani kinakaa katikati ya fremu. Kwa katikati nachagua mwamba au mkato wa mgongo wa mlima. Mti sichagui, kwa sababu mti ndio tunaoutazama kama utakuwepo.

Kuhusu mwanga, mtu wa Kigoma lazima ajifunze kwa mlima wake mwenyewe, si kwa vitabu vya nchi za baridi. Tuko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na jua linashuka karibu wima. Ule mwanga wa dhahabu, ambao kaskazini ya mbali mtu anaufaidi kwa muda mrefu, hapa haufiki nusu saa. Ukifika kituoni umechelewa, ukaanza kufungua stendi, umekwisha. Jambo jingine ni kwamba tuko magharibi kabisa mwa nchi. Jua linatuchomozea kama dakika 40 baada ya Dar es Salaam ilhali saa zetu zinasoma sawa. Septemba hii linatoka karibu saa moja asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni. Tena linatoka nyuma ya mlima, kwa hiyo uso wa mlima unaotazama ziwa unabaki kivulini sehemu kubwa ya asubuhi. Vituo vyote vya upande wa ziwa nimevipangia alasiri. Vya juu mgongoni, vinavyotazama mashamba ya upande wa mashariki, ni vya asubuhi.

Septemba, wiki ya pili

Nimepanda hadi kijiji kimoja cha juu, ukanda wa kahawa na michikichi. Nimeanzia ofisini kwa mtendaji, nikaeleza, nikaitiwa mwenyekiti wa kijiji na watu wa kamati ya maliasili. Swali lao la kwanza lilikuwa lile nililolitarajia: je, kamera hii inapima mipaka? Hifadhi inataka kupanuliwa? Ni swali la haki kabisa. Ardhi ikipimwa bila maelezo, mwananchi ndiye anayepata hasara. Tumekubaliana kwamba nakala za picha zote za ardhi ya kijiji zitakaa ofisini kwao, na kwamba mlinzi wa msitu wa kijiji atafuatana nami.

Mlinzi mwenyewe ni mtu mzima, na alikuwa akinisubiri njia panda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Ndiyo umekuja kupiga picha majani?"

"Majani na mlima, mzee."

"Basi tuanze kule palipoungua, jua lisije likatukatisha."

Alinipeleka sehemu mbili zilizo jirani. Ya kwanza ilichomwa na kamati yenyewe mwezi wa tano, kwa makusudi, nyasi zikiwa bado na unyevu. Ya pili iliungua wiki hiyo kabla sijafika. Moto ulitoka kwenye shamba bondeni ukawashinda. Mzee alisimama kwenye mti wa sehemu ya kwanza, akagusa goti lake pale weusi ulipoishia.

"Mwezi wa tano moto unafika hapa. Jioni umande ukishuka unajizimia wenyewe." Tukavuka. Kwenye sehemu ya pili hakuhitaji kuonyesha kitu. Weusi ulikuwa juu ya kichwa chake, na majani machanga, yale mekundu niliyoyafuata, yalikuwa yamekunjamana matawini, yamekuwa kahawia.

Hapa ndipo jambo lenyewe lilipo. Mti wa miombo unapotoa majani Septemba unatumia akiba yake kabla haujapata kitu kutoka kwa mvua. Moto ukiupata wakati huo, akiba imekwishatumika na majani yameungua. Inabidi uanze upya na kidogo kilichobaki. Mti mkubwa unaweza kustahimili. Machipukizi ya visiki na miche midogo, ambayo ndiyo msitu wa kesho, hurudishwa chini hadi mizizini kila mwaka. Huko Ndola, Zambia, kuna viwanja vya majaribio vilivyoanza miaka ya 1930: sehemu zilizochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi ziliishia kuwa nyasi, zilizochomwa mapema zilibaki na miti, na zilizokingwa kabisa na moto zilifunga kuwa msitu. Miombo ya kule ni jamaa ya hii ya kwetu.

Nimeziweka sehemu hizo mbili kuwa vituo vya kudumu. Picha zake hazina uzuri wa kumsimamisha mpita njia. Ndizo nitakazoanza nazo popote nitakapoonyesha kazi hii.

Septemba, katikati

Siku za moshi. Ng'ambo ya ziwa haionekani kabisa; milima ya Kongo imefutika, na jua la jioni linazama kwenye utusitusi kabla halijafika majini, jekundu kiasi cha kulitazama kwa macho. Moshi huu haujui mpaka. Wa kwetu unachanganyika na wa Kongo na wa Burundi, na upepo unauviringisha juu ya maji.

Kichujio cha mng'ao kinasaidia kidogo sana hapa. Kinaondoa ung'avu wa jani na kukoza bluu ya anga, hasa ukielekeza lenzi pembe mraba na jua, lakini chembe za moshi ni kubwa na kichujio hakiziwezi. Programu za kuhariri nazo zina kitelezi cha kuondoa utusitusi: unavuta kidogo, moshi unapungua, mgongo wa pili wa mlima unatokea, ukizidi kuvuta wa tatu unatokea. Nimekijaribu kwenye picha za kituo cha kaskazini na matokeo yanapendeza.

Sitakitumia katika mradi huu. Moshi ule ni sehemu ya rekodi. Ni miti na nyasi za mahali fulani zilizokuwa zimesimama jana, na mtoto wa Mwanga au Ujiji, hapa mjini Kigoma, anauvuta kifuani mwezi mzima. Nikiufuta nitaacha picha inayosema Septemba ya Kigoma ina hewa safi, na miaka 20 ijayo mtu atakapolinganisha, picha yangu itamdanganya. Natumia kadi ya kijivu kusawazisha rangi kila kituo, nahifadhi faili ghafi bila kuligusa, na nakala ya kuonyesha inarekebishwa mwangaza tu. Wenzangu wanaopiga picha za biashara wana haki ya kufanya wanavyotaka na picha zao. Mimi nazungumzia picha za ushahidi.

Kabla ya kutoka huwa natazama ramani ya moto ya NASA, iitwayo FIRMS, ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua bure kwenye simu. Satelaiti zenye kifaa cha VIIRS zinaweka alama kila zinapohisi joto, kila alama ikiwakilisha eneo la kama meta 375 kwa 375. Majuma haya alama zimejaa pande zote za ziwa. Ramani inanisaidia nisijikute upande ambao moto unakuja. Haisemi moto ulipanda goti au kichwa, wala kama ulikuwa wa kamati au ulitoroka. Hilo linahitaji mtu afike kwa miguu.

Septemba, siku za mwisho: kutoka ziwani

Boti la abiria kutoka mwalo wa Kibirizi kwenda vijiji vya kaskazini hubeba kila kitu: magunia, madumu ya mawese, vitanda, kuku, akina mama wanaorudi sokoni. Nimekaa upande wa kulia tukipanda kaskazini, kamera ndani ya mfuko wa plastiki kwa sababu ya maji, na nimepiga mfululizo wa picha zinazoungana, kutoka vilima vya mji hadi kuipita Gombe. Boti linatikisika, kwa hiyo stendi haina kazi. Nimefunga kasi kuwa ya juu na kuegemea nguzo ya paa.

Gombe ilikuwa pori la akiba tangu 1943 na hifadhi ya taifa tangu 1968. Marehemu Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika hapo Julai 1960, wakati msitu ulienea bila kukatika pande zote. Alipoiruka kwa ndege ndogo mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliona kisiwa kidogo cha miti kilichozungukwa na vilima vitupu. Kutokana na hapo, mwaka 1994, ukaanza mpango wa kurudisha misitu na kusaidia vijiji uitwao TACARE, ambao haukuanza kwa kuwakataza watu. Ulianza kwa kuuliza vijiji vinataka nini: maji, zahanati, shule, mikopo ya akina mama, kahawa yenye bei. Msitu ulikuja baadaye, kupitia mipango ya matumizi bora ya ardhi, vijiji vyenyewe vikitenga maeneo yasilimwe ili visiki vichipue. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zinakipa kijiji mamlaka ya kuwa na msitu wake. Na miombo ina sifa hii moja kuu: mti ukikatwa, mzizi hauko tayari kufa. Ukiupumzisha na moto na jembe, unarudi bila mtu kuupanda.

Nimeyaona hayo kwenye lenzi ya mbali. Ndani ya hifadhi mlima una mistari mitatu iliyo wazi mwezi huu: kijani kizito cha mabonde yenye vijito, wekundu na shaba ya miombo miteremkoni, dhahabu ya nyasi juu. Nje ya mpaka nilitarajia mkato mkali. Upo sehemu nyingine, mihogo hadi juu kabisa, udongo mwekundu ukionekana kati ya matuta. Lakini sehemu nyingine rangi ya shaba imevuka mpaka, imeingia kwenye ardhi ya vijiji, miti bado midogo na shina jembamba, vichaka vichaka. Mwenye haraka atapita bila kuiona. Nimepiga picha nyingi za ukanda huo kuliko za kitu kingine chochote katika safari hiyo, na mama aliyekaa jirani yangu akaniuliza mbona naacha sokwe napiga vichaka.

"Dada, vichaka hivi vilikuwa havipo," nilimwambia.

"Ni kweli," akasema. "Nilipoolewa huku ilikuwa majani matupu. Kuni tulikuwa tunazifuata mbali mno." Kisha akaanza kunitajia kilima kwa kilima, kipi kililimwa na nani, kipi kiliachwa lini, mpaka tukafika kwake. Nimeandika yote aliyosema nyuma ya daftari, kwa idhini yake, bila jina.

Oktoba, mwanzoni

Siku hizi jua la mchana linapita utosini kabisa. Vijiti vya stendi havina kivuli. Mlima unalala bapa, mabonde yote yanapotea; hakuna sababu ya kupiga picha ya mandhari saa hizo. Natumia mchana kupiga jani mojamoja kwa karibu, kivulini, pamoja na kadi ya kijivu, ili nipate rekodi ya rangi halisi kwa kila aina ya mti. Wekundu ni mgumu kwa kamera: mwangaza wa jumla unaweza kuonekana salama ilhali nyekundu peke yake imejaa na kupoteza mishipa yote ya jani. Natazama grafu ya nyekundu kwa upande wake na kupunguza mwanga hadi ishuke.

Mninga bado mtupu. Mlinzi wa msitu anasema iliyopo sasa ni myembamba. Ule mnene umekwenda kuwa vitanda na milango.

Oktoba, wiki ya pili: Mahale

Mahale ni mwendo mrefu kwa maji, kusini, na ndani ya hifadhi hakuna barabara. Unaingia kwa boti au ndege ndogo na kutembea kwa miguu. Ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1985, ina kilometa za mraba 1,613, na kilele chake cha Nkungwe kinafika meta 2,462, karibu meta 1,700 juu ya ziwa lililo chini yake. Watafiti kutoka Japani wamekuwa wakiwafuatilia sokwe wa hapo tangu 1965. Kabla yao, na kabla ya mipaka, ilikuwa nchi ya Watongwe, na Nkungwe kwao ni mlima wa heshima. Kijana aliyeniongoza alinionyesha michungwa na miembe ya zamani ndani ya msitu, mahali palipokuwa na kaya.

Hapa milima inashika mawingu yake yenyewe. Wakati Kigoma mjini kumekauka, kilele cha Nkungwe kilifunikwa kuanzia saa tano asubuhi hadi jioni, na msitu wa chini ulikuwa umelowa. Sikupata kilele chote. Nimepata mteremko wa kusini, miombo ikipanda nyekundu kuelekea kwenye wingu, na hapo katikati rangi inabadilika taratibu kuwa kijani cha msitu wa mvua. Picha hiyo naithamini kwa sababu inaonyesha mlima unatengeneza maji. Vijito vinavyoshuka pale vinatiririka mwishoni mwa kiangazi, wakati vya vilima vilivyolimwa juu ya mji vimekauka.

Sikurusha droni, huku wala kule. Inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ndani ya hifadhi ruhusa ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA), lakini hata ningekuwa navyo nisingeitaka kwa kazi hii. Kelele zake juu ya bonde lenye sokwe na tai si kitu kidogo, na mlima huu una migongo ya kutosha ya kusimama.

Oktoba, katikati

Neno kuhusu mahali. Mafaili ya kamera na simu yanabeba nambari za GPS, na picha ikishatoka mikononi nambari hizo zinatoka nayo. Kwa misitu michanga ya vijiji nimeamua kuziondoa kwenye nakala zote za kuonyesha. Mahali penye machipukizi mazuri pakijulikana na kila mtu, wa kwanza kufika anaweza kuwa mchoma mkaa kutoka mbali ambaye kijiji hakimjui. Nambari zinabaki kwenye daftari na kwenye faili la ofisi ya kijiji. Wao ndio wenye msitu. Wao ndio wa kuamua nani aoneshwe.

Simlaumu mchoma mkaa peke yake, ieleweke. Mji unapika kwa mkaa, mawese yanachemshwa kwa kuni, samaki wanakaushwa kwa kuni. Gunia linapanda bei kila mwaka na bado linanunuliwa. Nimepiga pia picha za magunia yaliyopangwa kando ya barabara, mlima ukiwa nyuma yake.

Oktoba, mwishoni: mvua ya kwanza

Imenyesha usiku, kwa kishindo, saa nzima. Asubuhi hewa ilikuwa imeoshwa. Milima ya Kongo imesimama ng'ambo ya maji, korongo kwa korongo, na watu Kibirizi walikuwa wakiitazama kabla ya kuanika dagaa.

Nilikodi mtumbwi wa mashine mapema, nikapita chini ya vilima nilivyovipiga mwezi uliotangulia. Kila kijito kinachotoka kwenye mteremko uliolimwa au kuungua kilikuwa kinamwaga rangi ya chai ya maziwa ziwani, na mkondo huo ulionekana mbali kabla ya kupotea kwenye bluu. Mbele ya mabonde yenye msitu maji yalikuwa meupe hadi mawe ya chini yanaonekana. Ni mvua moja, usiku mmoja, mlima mmoja. Ziwa hili lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya sato ambao wengi wao hawapatikani pengine duniani, na wengi wanaishi kwenye miamba hiyohiyo ya ufukweni, wakila mwani ulioota juu ya mawe. Tope likitulia juu ya jiwe, chakula kimefunikwa na mahali pa kutagia pamezibwa.

Picha hizo za mkondo wa tope nimezipiga kutoka juu kidogo, nimesimama kwenye mwamba wa ufukweni, kichujio kikiwa kimekata mng'ao wa maji. Hapo ndipo kichujio kilipofanya kazi yake yote. Bila hicho ungeona anga tu juu ya maji.

Novemba, mwanzoni

Mlima umekuwa kijani. Vituo vya miombo vimefungwa kwa mwaka huu.

Nimepeleka nakala zilizochapishwa kwa kijiji, zikiwa zimepangwa kituo kwa kituo, na maelezo nyuma kwa kalamu isiyofutika na maji. Kamati imeomba zile za sehemu mbili zilizoungua zikuzwe, zitundikwe ofisini kabla ya mkutano mkuu wa kijiji, kwa sababu huko ndiko watakakopanga tarehe za kuchoma mapema mwakani. Nimekubali bila malipo. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi ameomba nakala pia, ili wanafunzi watafute kilima cha kwao.

Kazi inayofuata ni Mei, kupiga vituo vyote kabla ya uchomaji wa mapema, na tena Juni baada yake, kutoka mwamba uleule.

Wakati huohuo natafuta picha za zamani. Katika nyumba nyingi za Ujiji, Mwanga na vijiji vya ufukweni kuna albamu: harusi, maulidi, kipaimara, mtu amesimama mbele ya boti jipya, na nyuma yake kuna mlima. Mpiga picha hakuulenga, lakini umo. Picha moja ya miaka ya 1970 yenye ukingo wa mlima unaotambulika inatosha kunipa kituo kipya na miaka 50 ya kulinganisha. Sihitaji kuondoka na picha ya mtu. Nitakuja nyumbani, nitaipiga hapohapo mezani kwa mwanga wa dirishani bila kuitoa kwenye albamu, na sura za watu nitazifunika kwenye nakala ya mradi kama familia itapenda. Ninachoomba kiandikwe ni mwaka, hata kwa kukadiria, na mpiga picha alikuwa amesimama wapi.